Kona Iliyoingia Uani kwa Shangazi

Kwanza ilikuwa sauti ya katambuga ikisugua tairi. Kabla hujaliona vumbi, kabla hujamwona baba akichomoza kati ya migomba, ulisikia mkwaruzo mrefu ukishuka kilimani, ukakatika kwenye kona, ukaanza tena, na juu yake madebe matupu ya maziwa yakigongana. Baiskeli ya baba haikuwa na breki. Iliwahi kuwa nazo, lakini nyaya zilikatika, naye akaona hana sababu ya kuzihangaikia maadamu mguu wake wa kulia ulikuwa mzima. Alipotaka kupunguza mwendo aliurudisha mguu nyuma na kuikandamiza soli ya katambuga, iliyokatwa kwenye tairi la gari, juu ya tairi la baiskeli, mpira kwa mpira, na harufu ya kuungua ikamfuata mpaka nyumbani. Mama aliweza kuijua siku ya baba kwa sauti hiyo. Mkwaruzo wa mkatomkato ulikuwa wa hasira: maziwa yameganda njiani, yamekataliwa. Mkwaruzo mrefu usiokatika ulikuwa wa mtu aliyeiachia baiskeli ishuke kwa raha yake, na hapo mama aliongeza maji kwenye sufuria ya chai, kwa sababu baba akiwa na furaha alikuwa msemaji asiyechoka.

Tulikaa Kabuga, pale Kigali inapoishia na barabara ya lami inaposhika safari ya mashariki. Baba na dada yake walizaliwa ukimbizini Karagwe, upande wa Tanzania, wakarudi Rwanda wakiwa watu wazima, ndiyo maana nyumbani kwetu tulisema Kiswahili na Kinyarwanda tulikiacha kwa ajili ya sokoni na kanisani. Kila alfajiri baba aliiacha lami nyuma ya maduka na kuingia kwenye njia za changarawe zinazopanda na kushuka mpaka karibu na Ziwa Muhazi, akikusanya maziwa ya watu wa vilimani. Njia hizo hazikuwa na majina wala vibao. Nyingine zilikuwa nyekundu, zenye mifereji iliyochimbwa na mvua, nyingine zilijaa mawe meupe yanayoteleza kama maharagwe makavu chini ya gurudumu. Zilipita kwenye mikaratusi inayonukia dawa ya kifua, zikatoka kwenye mashamba ya mtama, zikashuka bondeni kwenye mafunjo ambako hewa ilikuwa baridi hata saa sita mchana. Baba alizijua zote, na zaidi ya njia zenyewe aliwajua watu waliokaa kandokando yake. Alijua nani ana mbwa, nani ana mgonjwa, nani asalimiwe kwa kelele kwa kuwa hasikii.

Maana njia za kule hazikuwa kati ya nyumba tu. Mara nyingine zilipita ndani ya ua wa mtu. Ua wa shangazi yangu Verediana, dada mkubwa wa baba, ulizungushiwa minyaa na ulikuwa na nafasi mbili: moja mbele, ikiitazama barabara, nyingine nyuma, ikishuka kwenye chemchemi. Aliyetaka kufupisha safari ya bondeni alipita humo. Lakini kulikuwa na namna ya kupita. Ulifika kwenye minyaa ukashuka kwenye baiskeli, ukasimama nje, ukasalimu, muraho, kwa sauti ya kusikika, ukangoja. Ukijibiwa, uliikokota baiskeli kwa usukani, ukapita pembeni, mbali na chochote kilichoanikwa, na ulipofika kwa mwenye nyumba ulimuuliza habari za ng'ombe wake. Kama hakuna aliyejibu, ulizunguka. Hakuna mtu aliyefundishwa jambo hilo kwa maneno. Sikumbuki hata mara moja kuambiwa nishuke. Nakumbuka tu mgongo wa baba ukiinama ili nami niteleze kutoka kwenye kibebeo, kila mara, hata mvua ikitunyea.

Kiangazi nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, injinia mmoja alituingilia maishani akiwa na tope mpaka kiunoni. Baba alimkuta kwenye mafunjo, amefuata njia ya ng'ombe akidhani itamfikisha ng'ambo, baiskeli yake imezama na yeye anaitukana kwa Kiganda. Alikuwa Mnyarwanda aliyekulia Kampala, jina lake Godfrey, anaishi Kiyovu, mtaa wa matajiri wa Kigali, kwenye nyumba yenye bustani, na Kinyarwanda chake kilikuwa cha kuombea chumvi mezani, hakikuzidi hapo. Kwa hiyo yeye na baba walikutana kwenye Kiswahili, baba na chake cha Karagwe, injinia na chake cha mitaa ya Kampala. Baba alimvuta, akamwosha miguu chemchemini, akamuuliza anatafuta nini huku chini. Injinia akasema anatafuta njia. Baba akamwambia njia zipo nyingi, yeye anataka kwenda wapi. Injinia akasema hataki kwenda popote. Baba alitusimulia hayo jioni, akacheka mpaka akatoka machozi. Mtu mzima, mwenye gari, anataka njia lakini hana aendako.

Alichotaka kilieleweka baadaye. Alikuwa na baiskeli ya changarawe, nyepesi kuliko mtungi wa maji, yenye matairi mapana na usukani uliojikunja chini, naye alitaka kuchora njia zote nzuri za kuizunguka Kigali ili watu wa mjini na wageni waje wazipande. Alimwomba baba amtembeze siku kadhaa. Shule zilikuwa zimefungwa, na kwa siku hizo baba aliyaacha madebe kwa jirani, akanipakia mimi mahali pake.

Sijawahi kuwa na furaha kama ile, na nasema hivyo bila kutaka kuipamba. Tulitangulia sisi na baiskeli yetu ya chuma, injinia akafuata, na kwenye miteremko baba aliinua mguu kutoka kwenye tairi na kuiachia, kitu ambacho hakuthubutu kukifanya akiwa na maziwa. Upepo uliniingia kinywani. Vumbi lilitufanya wote rangi moja. Kwenye vilima injinia alitupita, akatungoja juu akihema na kumpigia baba makofi, na baba akamwambia aache kumpigia makofi kama mtoto aliyejifunza kutembea. Kwenye usukani wa injinia kulikuwa na kifaa kidogo chenye kioo, na tulipopumzika alinionyesha mstari mwekundu uliokuwa ukijichora wenyewe.

"Huyu ni sisi," aliniambia. "Mahali tumepita, inaandika. Haisahau."

Niliutazama mstari huo kama mtu anayejiona kwenye picha kwa mara ya kwanza. Niliuliza kama watu wengine watauona. Akasema dunia nzima itauona.

Siku ya tatu tulifika juu ya kilima cha shangazi. Barabara ilikwenda moja kwa moja, pana, nyeupe, na injinia alikuwa tayari ameanza kuishuka. Baba akamwita. Hakuweza kupita mbele ya nyumba ya dada yake mkubwa akiwa na mgeni na asimwingize kumsalimia; angeanza vipi kumweleza siku nyingine kwamba alipita na mtu akamficha? Basi tukaiacha barabara, tukageuka kulia, tukafika kwenye minyaa, tukashuka. Baba akabisha. Shangazi akajibu kutoka ndani. Tuliingia tukikokota, na shangazi akatutolea ubushera, ule uji wa mtama usiolevya, akaunywa yeye kwanza mbele ya mgeni kama inavyotakiwa, kisha akampa kibuyu. Mtama mwingine ulikuwa umeanikwa kwenye mikeka, mwekundu, umejaa ua wote hadi pakabaki ujia wa miguu miwili tu. Shangazi aliizunguka baiskeli ya injinia mara mbili, mikono nyuma.

"Pembe zake kama za beberu," alisema. "Inabeba nini?"

"Haibebi kitu, Mama. Inabeba mimi tu."

"Na wewe miguu unayo."

Injinia alicheka akamwagikiwa na uji kifuani. Walipendana, nilivyoona mimi. Shangazi alimuuliza wazazi wake walitokea kilima kipi kabla ya kukimbilia Uganda, naye hakujua, na shangazi akamsikitikia kwa sauti, kama tunavyomsikitikia mtu aliyepotelewa na mbuzi. Tulipoondoka alitupitisha nafasi ya nyuma, tukashuka chemchemini. Kifaa cha kioo kilikuwa kinaandika muda wote. Hakuna aliyekumbuka kukizima, na hata tungekumbuka, nani angejua kwamba kuna haja?

Kazi ilipokwisha, injinia alitualika Kiyovu. Tulikaa kwenye baraza yake, penye viti vya matakia na miti iliyokatwa ikawa ya mviringo, naye akaweka kompyuta mezani ili baba aitazame mistari na kusema palipokosewa. Macho ya baba yalikuwa yamekwisha kuharibika kwa vitu vya karibu. Angeweza kukuambia ng'ombe wa nani anavuka ng'ambo ya bonde, lakini herufi zilimkimbia. Alisogea, akarudi nyuma, akanisukuma taratibu kwenye bega.

"Tazama wewe," alisema. "Umesoma."

Nilitazama. Injinia alipitisha kidole juu ya mistari, hapa kuna daraja, hapa kuna mchanga mwingi, na mimi nilijibu ndiyo au hapana kwa sauti niliyojaribu kuifanya nzito. Kisha kidole kikasimama mahali ambapo mstari uliiacha barabara, ukageuka kulia, ukaingia, ukatoka kwa nyuma.

"Na hii kona? Inaingia kwa boma ya mutu, inatoka. Nikate, tubaki kwa barabara?"

Nilijua ni nyumba ya nani. Dunia nzima itauona, alikuwa amesema, na hapo ndipo palikuwa mahali pekee katika mstari wote ambapo kulikuwa na kitu chetu. Baba alikuwa ameegemea kiti, ameshika kikombe chenye maua kwa mikono miwili kwa kuogopa kukivunja.

"Usikate," nilisema.

"Watu wanapita hapo?"

"Kila mtu anapita."

Hilo lilikuwa kweli, ndiyo maana nililisema bila kupepesa. Injinia alimtazama baba, na baba, ambaye hakuiona kona wala boma, alitikisa kichwa kuniunga mkono, kwa sababu mtoto wake alikuwa anajibu maswali ya kompyuta huko Kiyovu. Mstari ukabaki. Siku ile ile injinia alimpa baba zawadi, helmeti ya manjano, na kumwahidi kwamba wapandaji wakianza kuja, yeye ndiye atakuwa kiongozi wao.

Baba aliivaa helmeti ile kila siku. Aliivaa akibeba maziwa, akaivaa akienda kununua mafuta ya taa, na Jumapili mama alimvua kwa nguvu nje ya kanisa. Watoto wa Kabuga walimwita Mzee Yai. Wenzake wa maziwa walimuuliza kama siku hizi mawe yanaanguka kutoka mbinguni, na yeye akawajibu kwamba kichwa chao hakina cha kulindwa ndiyo maana hawaelewi. Alikuwa akingoja kuitwa. Wapandaji walipoanza kuja, hawakumwita. Hawakuhitaji kiongozi, mstari ulikuwa kwenye usukani wa kila mmoja wao. Walikuja Jumamosi asubuhi, watatu, kisha kumi, kisha makundi yenye nguo zinazobana na miwani inayoakisi jua, na walimpita baba kwenye vilima wakimwinulia kidole gumba, kwa ajili ya helmeti.

Shangazi mwanzoni alifurahi. Wale wa kwanza walisimama, maana walishangaa kujikuta uani, na yeye aliwapa ubushera na kuwauliza vilima vyao. Mmoja alimpiga picha. Mimi nilimwambia, kwa siri, kama mtu anayempa zawadi, kwamba nyumba yake imo kwenye ramani ya dunia. Alinipapasa kichwa. Lakini walioelezwa na wale wa kwanza hawakushangaa tena. Walijua njia inaingia na inatoka, kwamba baada ya minyaa kuna mteremko mtamu, na kwamba ukiingia kwa kasi huna haja ya kukanyaga tena hadi chemchemini. Walipita juu ya mikeka. Shangazi alikuta alama za matairi kwenye mtama wa mbegu, akazifagia. Aliweka gogo, wakaliruka, na baadhi walirudi kuliruka tena. Akamtumia baba ujumbe aje azungumze na watu wake. Alisema hivyo, watu wake. Baba alikwenda Jumamosi mbili akasimama kwenye minyaa na helmeti yake, mikono ameinyoosha, akipaza sauti kwamba hapa ni kwa mtu, shukeni, salimieni. Walidhani anawashangilia. Walimjibu kwa kumpigia kelele za furaha, wakampita kushoto na kulia. Baba alirudi nyumbani kwa mkwaruzo wa mkatomkato, kilima kizima.

Jumamosi ya tatu baba hakwenda, kwa sababu ng'ombe wa watu walikuwa wamezaa na maziwa yalikuwa mengi. Shangazi alikuwa ameinama anapepeta mtama, mgongo ameuelekeza mbele, upepo ukimpeperushia makapi masikioni. Kijana aliyeingia hakuwa mtu mbaya, kila aliyekuwepo alisema hivyo. Alijaribu kukwepa, lakini mtama chini ya tairi ni kama changarawe iliyotiwa mafuta. Alimgonga shangazi kwenye nyonga. Yeye mwenyewe alimbeba, akalia, akatafuta gari, akakaa hospitali mpaka jioni. Shangazi alilazwa kiangazi kilichobaki. Aliporudi alikuwa na fimbo mbili, na njia ya kwenda chemchemini, aliyokuwa akiishuka kila asubuhi tangu aolewe, hakuishuka tena.

Edmondi, mwanawe, aliziba nafasi zote mbili kwa minyaa mipya na waya. Kwa hiyo majirani nao wakazuiwa, na wazee waliokuwa wakikatisha uani wakaanza kuzunguka kilima kizima na madumu yao kichwani, na kila hatua ya kuzunguka walimtaja baba. Walisema ameuza ua wa dada yake kwa helmeti. Walisema kwa sauti, akiwasikia, akiwafungia madebe. Baadhi walimpa maziwa yao mtu mwingine.

Tulikwenda kumwomba radhi Jumapili moja baada ya misa, baba na mimi. Helmeti aliiacha nyumbani. Shangazi alikuwa amelala kwenye mkeka chumba cha mbele, fimbo kando, na Edmondi alisimama dirishani akitupa mgongo. Njia nzima nilikuwa nimejiambia nitasema. Nilikuwa nimeyapanga maneno, Shangazi ni mimi, na kila tulipopanda kilima niliyarudia kwa pumzi ya kupanda. Baba alipiga magoti mbele ya dada yake, mwanamume mzima, akasema amekuja. Shangazi hakutaka kujua kuhusu kijana aliyemgonga wala kuhusu injinia, ambaye alikuwa amefika na matunda na kuomba msamaha na kusema ataiondoa kona. Alitaka jambo moja tu.

"Nani aliwaambia uani kwangu ni barabara?"

Kimya kilikuwa kirefu kiasi cha kunitosha. Kingetosha kwa maneno yangu matatu, na nafasi ikabaki. Nilitazama vidole vya miguu yangu.

"Ni mimi, dada," baba akasema.

"Karagwe tulikaa kwenye ardhi ya watu miaka yote ile," shangazi alimwambia. "Hatukumkanyagia mtu hata punje. Tumerudi kwetu ndipo unanifanyia hivi, Anastazi. Usije tena."

Hakuinua sauti. Tulipokuwa tunarudi baba aliikokota baiskeli, hata kwenye mteremko, na mimi nikaanza kulia nikamwambia kwamba niliiona ile kona, niliulizwa, nikasema isikatwe, nilitaka nyumba ya shangazi ionekane. Hakusimama. Alisema alijua tangu hospitali, alipomuuliza injinia. Nikamuuliza mbona hakusema. Akasema aliyeulizwa ni yeye, mimi nilikuwa macho yake tu, na mtu halaumu macho. Halafu akaniambia nisimwambie mama. Hivyo ndivyo alivyonipa ruhusa ya kunyamaza, na mimi niliipokea haraka kuliko nilivyowahi kupokea kitu chochote kutoka kwake, na nikaendelea kuitumia hata nilipokuwa na umri wa kuirudisha.

Baba alikufa nikiwa kidato cha mwisho, kwa ugonjwa wa ini uliommaliza kwa wiki chache. Alimtumia dada yake salamu mara mbili kutoka kitandani. Hazikujibiwa. Siku ya maziko kilima chote cha shangazi kilishuka, hata wale waliomwita muuza ua, wakiwa na majani na chupa za maziwa, lakini yeye hakuja. Edmondi alikuja peke yake na kusema mama hajisikii vizuri. Watu walitazamana. Kukosa kumzika ndugu wa tumbo moja ni jambo ambalo huku halisahauliki, na mama yangu, ambaye hakujua chochote, alilichukua akalifanya chuki yake ya kudumu.

Siku hizi Kigali imejaa baiskeli za changarawe. Asubuhi za mwisho wa wiki zinateremka kutoka Kiyovu kwa makundi, zinapita Kabuga mkate ukiwa bado wa moto, zinapotelea kwenye vumbi, na mchana wapandaji wanakaa kwenye mikahawa wakilinganisha vilima kama wavuvi wanavyolinganisha samaki. Nina marafiki miongoni mwao, watu wema, wenye mioyo mizuri kuliko wangu. Wanasema njia za kule ni za amani. Mmoja wao alinionyesha simu yake mwaka huu, tukiwa tunakula, akapanua mstari mwekundu kwa vidole viwili. Akaniambia tazama hapa, kuna kichekesho: njia inaacha barabara nzuri kabisa, inageuka kulia, inaingia kwenye kichaka cha minyaa, inatoka. Kila mgeni huifuata, hukuta waya, hurudi akitukana. Injinia aliifuta kwenye mistari yake, lakini wengine walikuwa wamekwisha kuinakili, na walionakili nao wakanakiliwa. Hakuna anayejua ilitoka wapi. Mashine ilichanganyikiwa, rafiki yangu alisema, akacheka, nami nikacheka pamoja naye. Nilicheka kabisa, kwa meno. Heshima yote aliyokuwa nayo baba kwa dada yake, kugeuka kulia badala ya kunyooka ili tu mgeni asipitishwe bila kusalimia, ilikuwa imebaki duniani kama kosa la mashine, na mtu pekee aliyeweza kulisahihisha alikuwa anatafuna chipsi.

Wiki iliyofuata nilikwenda Masoro. Edmondi anafanya kazi huko kwenye ghala, na amejenga nyumba ya matofali nyuma ya viwanda, ambako shangazi ana chumba chake chenye mlango wa nje. Malori yalikuwa yakinguruma barabarani. Alikuwa amekaa kitandani, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, fimbo zake mbili zimeegemezwa ukutani. Alinikaribisha kwa furaha, na hilo ndilo sikuwa nimelitarajia. Alinishika uso. Alisema nina paji la uso la Anastazi, na alisema jina lile kwa shida, kama mtu anayefungua kisanduku chenye kutu. Nilipaswa kutosheka na hapo. Niliongea nikitazama sakafu, kwa maneno yale yale niliyoyapanga nikiwa na miaka kumi na mmoja.

Lori likapita, ndipo akauliza.

"Anastazi alijua?"

"Alijua, Shangazi."

"Na siku ile ulikuwepo. Ulikaa pale karibu na miguu yangu."

"Nilikuwepo."

Alitingisha kichwa taratibu. Aliniambia kwamba siku ya maziko Edmondi alileta gari mpaka mlangoni na yeye alikuwa amekwisha kuvaa. Alikaa kitandani na nguo zake nyeusi, akajikumbusha kwamba ndugu yake alimuuza, akazivua. Kila alipotaka kujilaumu tangu hapo, alijikumbusha hivyo tena, na usingizi ukaja.

"Ungeningoja nife, mwanangu," alisema. "Umekuja kuutua mzigo wako. Haya, umeutua. Mimi nitaupeleka wapi, na fimbo zangu mbili?"

Nilianza kusema kwamba nilidhani ana haki ya kujua. Aliinua mkono. Akachukua fimbo zake, akasimama kwa hatua ndogo ndogo, akakataa nimshike, akatangulia mlangoni na kuufungua. Kwetu mgeni husindikizwa. Hata adui husindikizwa hadi barabarani, mkiongea habari za mvua. Nilipita mbele yake, nikanusa sabuni ya kufulia kwenye kitenge chake, nikangoja kidogo pale nje nikiwa nimemgeukia, nikidhani labda atashuka ngazi moja. Alinitazama kwa muda, kama mtu anayetaka kuukumbuka uso. Kisha akausukuma mlango kwa ncha ya fimbo, ukafungwa, na kwa ndani nikasikia komeo.